Mwanamke wa Pembeni mwa Picha

Pine Ferry, Oregon
16 Septemba 1996

Dada Marlys,

Usicheke. Nimepewa kazi ya kuchagua filamu za kutisha.

Maktaba yetu itaonyesha filamu kila Jumamosi alasiri ya Oktoba, kwa ajili ya Halowini na mizuka yake. Mkuu wetu, Bwana Lindqvist, hataki zile zinazojulikana, kwa sababu kila mtu ameshazikodisha duka la ng'ambo ya barabara. Anataka zilizosahauliwa. Kikaoni alitutazama mmoja mmoja, akafika kwangu, akasema, "Glenna, wewe na hilo shungi lako jeupe huhitaji hata kinyago. Kazi ni yako." Wakacheka wote. Nami nikacheka, kisha nikaenda msalani nikakaa huko mpaka uso wangu uliporudi mahali pake.

Unanijua mimi na filamu hizo. Ulikuwa ukikaa umebanana na televisheni, nami niko chini ya blanketi. Za mbwa mwitu nazivumilia. Za wafu wanaorudi siziwezi. Mtoto ambaye mama yake amechukuliwa na mto, mwili usionekane, hahitaji filamu ya kumtisha. Nilisimama sana kwenye ule ukingo pale Bellhaven nikitazama kama mama atatoka majini. Nilitaka atoke, na niliogopa atatoka akiwa na sura gani.

Lakini kazi ni kazi, na wewe una duka zima la kanda. Nipendekezee chache, na uniandikie sababu, maana nitaulizwa. Ningepiga simu, ila najua simu na masikio yako haviivi chungu kimoja, na Mama Mkubwa Opal akipokea yeye hataki habari za mizuka nyumbani mwake.

Msalimie.

Mdogo wako,
Glenna


Bellhaven, Ohio
21 Septemba 1996

Mdogo wangu Glenna,

Nimecheka. Nimecheka mpaka mteja akarudisha kanda rafuni akidhani namcheka yeye.

Umekuja mahali penyewe. Kila Oktoba watu wa hapa wanachukua makasha yaleyale, wanagombania, wanaandikishana zamu. Rafu ya chini hawainami hata kuitazama. Mimi mwaka mzima naipangusa vumbi, na naijua kuliko sebule yangu. Kumbuka pia kwamba mimi sisikii, kwa hiyo sihongwi na muziki. Filamu nyingi za kutisha ukizizima sauti hubaki watu wanakimbizana tu. Hizi tatu ninazokutumia zinatisha hata zikiwa kimya.

Ya kwanza ni Mpangaji wa Chumba cha Juu. Kasha lake baya, picha imepauka kwa jua. Mjane anasikia hatua juu ya dari na anapanda kila siku na sahani ya chakula. Humwoni mpangaji hata mara moja. Unaona sahani tu, zikirudi tupu, kisha zikirudi zimeoshwa. Hapo kwenye zilizooshwa ndipo nilipozima nikaenda kunywa maji.

Ya pili ni Chumvi. Watu wachache wamekwama mgodini. Usimwonyeshe mwenye shida ya kifua.

Ya tatu ni yetu wenyewe: Kiangazi cha Waliozikwa. Royce Fenner, yule muuza mazulia wa Akron, ndiye aliyeipiga hapa kwetu kiangazi cha 1974, alipokuwa kijana mwenye nywele. Nusu ya mji walipakwa unga wakawa wafu. Mimi nilikuwa kiwandani Cleveland, nikaikosa, na sijajisamehe. Ni ya wafu wanaorudi, najua, lakini ni filamu nzuri, haina haraka, na wafu wake hawaumi mtu. Wanatembea tu, wanatafuta watu wao. Kuna maiti mmoja anatembea ameshika kikombe cha kahawa, na hakuna anayejua alikitoa wapi. Nimeitazama mara nyingi sana na bado nacheka hapo.

Mama anakusalimu. Miguu imemvimba lakini mdomo mzima.

Dada yako,
Marlys


Pine Ferry
30 Septemba 1996

Dada,

Kanda zimefika. Mpangaji nimeipenda, nisamehe. Sahani zilizooshwa! Nilipiga kelele jirani akaja na fagio.

Nimejifunza namna ya kutazama. Nafungua mapazia yote, alasiri na jua lake, na sitazami katikati. Zimwi hukaa katikati siku zote, ndiko wanakoligharimia. Pembeni kuna viti, mapazia, kikapu cha matufaha, watu walioambiwa wasimame tu. Natazama huko pembeni mpaka kelele ziishe. Chumvi nimeitazama yote kwa kutazama taa iliyoning'inia kushoto. Bwana Lindqvist aliniuliza mwishoni yule mzee alikufaje. Nikamwambia taa ilizimika polepole. Akasema, "Una jicho la pekee, Glenna." Anadhani mimi mtaalamu sasa.

Nimeacha ile ya Fenner mwisho. Nataka kukwambia kitu: kiangazi kile kila kijana wa Bellhaven alipakwa unga isipokuwa mimi. Nilimlilia Mama Mkubwa siku nzima. Alisema filamu hiyo si ya binti wa kanisa, akanipeleka shambani kwa mjomba mpaka shule zilipofunguliwa. Mimi mwoga wa wafu, na nilitaka kuwa mfu! Basi nitaitazama kesho, nione nilichokosa.

Glenna


Pine Ferry
2 Oktoba 1996

Marlys,

Nisamehe mwandiko.

Ile sehemu ya karamu kwenye nyasi, mbele ya jengo kubwa la matofali mekundu. Wafu wanatoka nyuma ya miti, watu wanakimbia, meza zinapinduka. Macho yangu yalikuwa pembeni kushoto kama kawaida yangu. Kuna meza ya kahawa pale ambayo haikupinduka. Nyuma yake kuna mwanamke mwenye aproni. Hakimbii. Yule maiti wako anampita, na yeye anammiminia kahawa, anampa kikombe mkononi. Hapo ndipo alipokitoa.

Kitambaa chake kimeteleza nyuma. Juu ya jicho la kushoto ana shungi jeupe.

Nimerudisha nyuma, nimesimamisha picha. Nimechukua picha ile moja ya mama niliyo nayo, ile amenibeba mbele ya kanisa, nikaishika kando ya kioo cha televisheni.

Marlys, ni mama yangu.

Mama yangu alizama Februari 1961. Hii ni 1974. Ni mnene kidogo, amezeeka, na yuko hai anamimina kahawa.

Niambie nimerukwa na akili. Nakuomba sana, niambie hivyo.

G.


Bellhaven
7 Oktoba 1996

Mdogo wangu,

Hujarukwa na akili. Umechoka, na mimi nimekukosea kukutumia filamu ya aina hiyo. Nilijua na nikatuma.

Sikia. Ule weupe ni unga. Fenner alichanganya unga wa ngano, majivu na mafuta ya kupikia. Aliwahi kunieleza mwenyewe pale dukani. Ulikuwa ukimwagika kila mahali. Kila mtu kwenye filamu ile ana unga kichwani, hata wasio wafu, hata mbwa. Naijua filamu hiyo picha kwa picha. Mwanamke mnene mwenye aproni na unga nyweleni unaweza kumpata kwenye kila jiko la Ohio.

Mama mdogo Ivadell nilimpenda. Nilikuwa na miaka minane alipokufa, na nakumbuka shungi lake kuliko sura yake. Kama angekuwa kwenye filamu yangu, si ningemwona?

Rudisha kanda. Waonyeshe hizo mbili, zinatosha.

Marlys


Pine Ferry
11 Oktoba 1996

Dada,

Unga huanguka. Hauoti.

Nimeweka kioo cha kujitazama kando ya televisheni. Shungi lake linaanzia pale linapoanzia langu, kwenye kile kipinda cha nywele ambacho Mama Mkubwa alikuwa akikilaza kwa mate kila Jumapili. Wafu wana unga usoni, shingoni, mikononi. Yeye uso wake safi na mikono yake safi. Hajapakwa chochote. Hakuwa kwenye filamu, Marlys. Alikuwa kazini kwake, na filamu ikampitia.

Unasema ungemwona. Wewe unatazama katikati. Umeitazama miaka yote hiyo ukiwatazama wafu wako, na unga wao, na jinsi walivyotengenezwa. Yeye hakutengenezwa, basi hukumwona.

Na kwa nini nilipelekwa shambani kiangazi kile? Wasichana wote wa kanisa walikuwemo. Hata binti wa mchungaji yumo, anatoka kaburini na soksi zake za Jumapili.

Jana nilipiga simu. Mama Mkubwa alipokea. Nikasema, "Mama Mkubwa, mama yangu alikufa lini?" Hakuuliza ni nani. Hakuuliza kwa nini. Alikata.

Mtu asiye na la kuficha angesema, "Mtoto wewe umelewa?"

Nenda pembeni kushoto. Tazama mwenyewe. Kisha umuulize.

Glenna


Bellhaven
15 Oktoba 1996

Glenna,

Nimetazama.

Nilifunga duka mchana, watu wakagonga mlango wakitaka kanda zao za Halowini, nikawaacha wagonge. Nimetazama pembeni kushoto, kwa mara ya kwanza tangu niwe na kanda hiyo. Si unga. Niliketi sakafuni. Bado najihisi nimeketi sakafuni.

Nimekwenda Akron kwa Fenner. Nilisimama mbele yake ili niisome midomo yake vizuri. Nilimwuliza karamu ile mliipiga wapi.

"Tamarack Hill," akasema. "Ile hospitali ya wagonjwa wa akili, siku hizi imefungwa. Walitupa ua bure."

"Na wapishi?"

"Wagonjwa. Wale watulivu walifanya kazi jikoni. Tuliwaambia wasiingie kwenye picha, lakini yule mama wa kahawa hakusikia la mtu. Kila mfu aliyepita alimsimamisha. Ningeirudia, ila ukanda wa filamu ulikuwa unakwisha."

"Aliwasimamisha kufanya nini?"

"Kuwauliza kitu. Sikuwa karibu. Vijana wangu walitoka pale wamenyamaza, mmoja alikuwa analia unga ukatengeneza tope. Nikasema vizuri, baki hivyo hivyo."

Kinywa chake kwenye picha kinaonekana, Glenna. Mimi nasoma midomo tangu homa iliponichukua masikio; ndiyo kazi niliyo nayo duniani. Nimemsoma. Nimemrudia mpaka kanda ikaanza kukwaruza. Sitakiandika leo. Kwanza nimuulize mama yangu, halafu nikupe yote kwa pamoja. Mama hayuko vizuri, shinikizo la damu limepanda tangu ile simu yako. Nivumilie kidogo.

Marlys


Pine Ferry
18 Oktoba 1996

Marlys,

Nivumilie? Nimevumilia tangu nikiwa na miaka minne.

Mama yako ana shinikizo. Mama yangu ana nini? Ana kaburi? Ana jina? Mmemweka wapi?

Nimeandika "mmemweka" na sikifuti. Nitakifuta utakaponiandikia.

Glenna


Bellhaven
22 Oktoba 1996, barua ya haraka

Glenna,

Ningeweza kumwomba mtu akupigie simu. Sikutaka haya uyasikie kwa mdomo wa mgeni.

Nilimkuta Mama jikoni anachambua maharage. Niliweka nakala yetu ya ile picha yenu ya kanisani mezani, juu ya maharage. Unamjua: akitaka nisimsome, anageuza uso. Aligeukia dirishani. Nikazunguka meza. Akageukia jiko. Nikazunguka tena.

"Mtoto wewe unanitia kizunguzungu," akasema.

"Mama mdogo alikuwa Tamarack Hill?"

"Nani kakwambia?"

"Nimemwona. Kwenye filamu ya Fenner."

Mama aliketi. Alisema, "Nilimwambia Fenner aende akapige mizuka yake mji mwingine. Nilimwambia." Halafu akasema mambo yote mfululizo, na sikuweza kumzuia, na kuna saa nilitamani kuwa kipofu pia.

Baba yako alipokufa kwenye machimbo ng'ambo ya mto, mama mdogo hakulia. Aliendelea kumpelekea chakula. Kila mchana alifunga mkate na chupa ya kahawa, akakubeba, akavuka mto juu ya barafu, akakaa kwenye lango la machimbo mpaka waliokuwa wakifanya kazi na marehemu wakamrudisha. Wiki tatu. Watu waliona na hawakusema, kwa huruma. Siku ile ya Februari barafu ilikuwa imelainika. Ilipasuka mkiwa katikati. Wanaume walikutoa wewe kwanza, ukiwa buluu, ukakimbizwa kwa daktari. Yeye walimtoa baadaye. Alikuwa hai. Hakuwa akisema neno lolote ila jina lako.

Hospitali walimchukua. Mama aliambiwa hatapona. Wewe ulikuwa ukipiga kelele ukiona hata beseni la maji. Mama akakwambia mto umemchukua. Akawaambia watu hivyo hivyo, akawaomba wanaume waliomtoa wafunge midomo, akahamia kanisa la upande wa pili ili wasimuulize.

Nikasema, "Mama, hilo naweza kulielewa. Mtoto mdogo. Lakini alipokua?"

Akasema, "Hujasikia lote."

Na hapa, Glenna, keti.

Mama mdogo alipata nafuu. Baada ya mwaka alianza kuzungumza, akaomba mtoto wake. Mama alikwenda kumwona. Aliogopa atakuchukua, atakurudisha kwenye mto. Akamwambia mtoto hakupona. Akamwambia ulizama.

Nilimshika kidevu, mama yangu mwenyewe, nikamgeuza, kwa sababu nilidhani nimemsoma vibaya. Nikamwambia, "Rudia."

Akarudia. Akasema, "Nilimwambia mara moja tu. Hakuuliza tena."

Glenna, mama yako ameishi miaka yote hii akijua kwamba alimzamisha mtoto wake aliyekuwa mikononi mwake.

Sikujua. Naapa kwako sikujua. Sijui naapa kwa nini sasa, maana nilichokuwa nikiapia ni mama.

Sasa lile lililo kwenye kanda. Ukiisha kujua haya utaelewa kwa nini sikuweza kuliandika. Wafu wanapita mbele ya meza yake, wenye unga, wametoka makaburini. Anammiminia kila mmoja kahawa, ndipo anamshika mkono, na kinywa chake kinasema, wazi kabisa, sina shaka hata chembe: "Mmemwona Glenna wangu huko?"

Yu hai. Tamarack Hill ilipofungwa walihamishiwa nyumba ndogo mjini Corwin, mwendo wa nusu saa kutoka hapa. Nusu saa! Nimepita mlangoni pale nikienda kununua kanda. Alhamisi nakwenda. Nimechukua ile picha yako ya maktaba uliyonitumia mwaka huu, shungi linaonekana vizuri. Sijui nitaingiaje. Sijui mtu huambiwaje jambo kama hilo. Nimeandika maneno kwenye shajara yangu nikayakata, nikaandika, nikayakata.

Dada yako, kama bado,
Marlys


Pine Ferry
24 Oktoba 1996

Mama Mkubwa Opal,

Barua hii ni yako peke yako. Marlys asikusomee.

Nimeanza mara nyingi na matusi. Kisha nakumbuka ulinifundisha kuogelea. Wewe uliyekuwa unaogopa maji, uliingia na gauni lako kwenye bwawa la shule, ukanishika chini ya tumbo kiangazi kizima, ukisema, "Sikuachi, piga miguu, sikuachi." Hukuniacha.

Ulinishika mimi, na yeye ulimzamisha.

Sijui nifanye nini na mambo haya mawili. Yote ni kweli na hayakai nyumba moja.

Nimekata tiketi ya ndege. Nitafika siku ya Halowini. Sitafikia kwako. Sijui kama nitapita kukusalimu. Kama nitapita, usigeuze uso.

Glenna

Dada Marlys: nilikwambia nitakifuta kile nilichoandika, "mmemweka". Nimekifuta. Karatasi hii umpe, na kipande hiki cha chini ukikate, ni chako.


Corwin, Ohio
25 Oktoba 1996

Glenna,

Jina langu ni Ivadell. Mwandiko wangu si mzuri, mikono imezoea visu vya jikoni.

Jana alikuja msichana mkubwa, akasema ni Marlys wa Opal. Nilimkumbuka akiwa na meno yaliyong'oka. Alisimama mlangoni. Alikuwa na maneno kwenye karatasi na hakuweza kuyasoma. Mwisho akanipa picha tu.

Nilidhani ni picha yangu. Nikasema, mbona sina miwani? Ndipo nikatazama nyuma, imeandikwa maktaba, na mwaka huu.

Wanasema nilipiga kelele na wahudumu wakaja. Mimi sikumbuki kelele. Nakumbuka nilitaka kujua mikono yako ikoje, na pichani umeificha nyuma ya vitabu.

Leo Marlys amerudi na hiyo filamu. Tumeitazama asubuhi sebuleni na wenzangu wote, na jua limejaa. Sipendi filamu za kutisha. Siku ile ilipopigwa nilikuwa nikitazama kahawa yangu tu, nisiwaone. Marlys anasema na wewe hutazama pembeni. Alilia aliposema hivyo, sijui kwa nini, mimi nilicheka.

Anataka kujua kama nilikuwa mgonjwa siku ile, nilipowauliza. Nimefikiri sana nikujibu kweli. Nilijua ni vijana wa mji wamepakwa unga. Nilimwona mmoja ana soksi za Jumapili. Lakini Opal aliniambia uko kwa wafu, na hawa walisema wao ni wafu, na sikuwa na wengine wa kuwauliza. Basi nikawauliza wote. Wengine waliogopa, wakaenda. Wa kikombe alikuwa mpole. Alinishika mkono, akapoteza unga wake kwenye aproni yangu, akasema, "Hapana, mama. Huku kwetu hayuko."

Nilirudi jikoni nikaosha masufuria. Nikafikiri: wao ni wengi, wametoka kila kaburi, na hakuna hata mmoja aliyemwona.

Tangu siku ile, Glenna, nimekungojea upande huu.

Watoto watakuja Alhamisi, siku ya Halowini, kugonga mlango na vinyago vyao, na mimi ndiye ninayegawa peremende. Kutakuwa na wengi na macho yangu si mazuri. Wewe ukija siku hiyo, usivae kitu kichwani.

Mama yako